Ganzi ya mkono au nusu kaputi: mgonjwa huridhishwa na nini?

Mtu aliyevunjika mifupa yote miwili ya kigasha kwa ajali ya bodaboda, akapangiwa kuwekewa vyuma, anaweza kufanyiwa kazi hiyo kwa njia mbili. Apewe nusu kaputi, alale asijue lolote mpaka mshono wa mwisho. Au achomwe ganzi kwenye neva zinazohudumia mkono, mkono ufe ganzi hadi vidoleni, yeye abaki macho au asinzie tu. Mifupa itaunga vilevile. Yanayotofautiana ni yale atakayoyapitia siku hiyo na usiku wake, na hapo ndipo mabishano ya njia ipi humridhisha mgonjwa zaidi yanapoanzia.

Wanaotetea ganzi wana hoja nzito kwa saa za mwanzo. Neva za mkono hutoka shingoni zikiwa kundi moja, hupita nyuma ya mtulinga na kushuka kwapani. Kwa upasuaji wa kiwiko kushuka chini, dawa huwekwa juu ya mtulinga, chini yake au kwapani. Kwa bega huwekwa shingoni. Mtaalamu wa usingizi mwenye altrasaundi huiona ncha ya sindano na kuiona dawa ikiizunguka neva, na mililita 20 hadi 30 humtosha. Mgonjwa hutoka thieta akiongea, hana maumivu, na mara nyingi anaweza kunywa chai mapema. Aliyelazwa kwa nusu kaputi huamka na maumivu yake, pengine na koo linalowasha kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na karibu mmoja kati ya watatu hupata kichefuchefu au kutapika kama hakupewa dawa ya kuzuia.

Lakini faida hiyo ina mwisho wake. Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2004 uligawa wagonjwa 100 wa upasuaji wa kiganja kwa bahati nasibu, wengine ganzi ya kwapani, wengine nusu kaputi. Siku ya upasuaji, wa ganzi walikuwa na maumivu na kichefuchefu pungufu kuliko wa nusu kaputi. Walipofuatiliwa hadi siku ya 14, tofauti ilikuwa imefutika. Kwa hiyo hospitali inayomuuliza mgonjwa kama ameridhika akiwa bado chumba cha kuzindukia, mkono ukiwa bado umekufa ganzi, imeuliza saa ambayo jibu linajulikana kabla ya swali.

Saa ya kuuliza ni baadaye, ganzi inapoisha. Bupivakaini, dawa ya ganzi ya muda mrefu, ikichomwa saa nne asubuhi inaweza kukaa saa 8 hadi 16, wakati mwingine zaidi. Maana yake inaachia usiku, mgonjwa akiwa nyumbani, au wodini ambako nesi mmoja anahudumia vitanda vingi. Maumivu hayapandi taratibu. Mtu aliyelala bila kusikia kitu huamka mkono ukimuuma kupita kiasi, na anakuwa hana kinga yoyote ya maumivu mwilini kwa sababu hakuona haja ya kumeza dawa. Wagonjwa wengi wanaoilaumu ganzi wanalaumu usiku huo, na wana haki. Kinga yenyewe si ya gharama kubwa: paracetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 kama figo na tumbo vinaruhusu, na dozi za kwanza zimezwe mkono ukiwa bado umekufa, hata kama mgonjwa anasema haumwi. Vidole vikianza kusisimka, muda umeshamwishia. Deksamethasoni miligramu 8 kupitia mshipa wakati wa upasuaji hurefusha ganzi na kupunguza mshtuko huo, ila kwa mwenye kisukari sukari ifuatiliwe. Aambiwe pia mkono ukae kwenye kombeo na mbali na jiko, maana hatausikia ukiungua.

Chanzo cha pili cha manung'uniko ni ganzi iliyoshika nusu, na hiki nakiona kikubwa kuliko vyote. Lignokaini, dawa ya ganzi ya muda mfupi, huhitaji dakika 10 hadi 20 kushika, bupivakaini inaweza kuzidi 30. Thieta yenye orodha ndefu haipendi kungoja, basi mgonjwa anapakwa iodini dakika kumi baada ya sindano na kisu kinaanza. Ganzi ya kwapani ina udhaifu wake unaojulikana: ile neva inayohudumia ngozi ya upande wa nje wa kigasha, upande wa kidole gumba, huachana na wenzake mapema na kukaa peke yake ndani ya msuli wa mkono wa juu. Isipotafutwa na kupewa mililita zake 5, vidole vyote vitakufa ganzi na mgonjwa bado ataruka pale daktari anapopasua kuufikia mfupa wa upande wa gumba. Kuuliza "unasikia?" huku unambana kidole kimoja hakutoshi. Pamba yenye spiriti ipitishwe sehemu nne: ncha ya kidole kidogo, ncha ya kidole cha shahada, mgongo wa kiganja kati ya gumba na shahada, na upande wa nje wa kigasha. Asisikie ubaridi popote. Akiusikia sehemu moja, neva hiyo iongezewe dawa mahali pa chini zaidi mkononi, kwa kuhesabu dozi iliyokwisha kuingia, na isubiriwe.

Mkanda wa kubana damu, unaofungwa mkono wa juu wakati wa upasuaji, nao una mambo yake. Ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kwapa, huhudumiwa na neva inayotoka kifuani, nje ya kundi la neva za mkono. Wengi huichoma mililita 5 chini ya ngozi. Hata hivyo, mkanda ukipita saa moja baadhi ya wagonjwa huanza kuhangaika.

Hapo ndipo kosa baya zaidi hutokea: ganzi haikushika, na badala ya kuhamia nusu kaputi kwa utaratibu, mgonjwa anaongezewa dawa za usingizi, ketamini na midazolamu, kidogokidogo mpaka analala usingizi mzito bila mtu anayelinda njia yake ya hewa. Huyo amebeba hatari za njia zote mbili. Mgonjwa wa ganzi afunge kama wa nusu kaputi, saa 6 kwa chakula na 2 kwa maji matupu, na mashine ya usingizi iwe tayari.

Usalama nao unaelemea pande zote. Nusu kaputi kwa majeruhi ambaye tumbo lake halijashusha chakula kwa sababu ya maumivu ina hatari ya matapishi kuingia mapafuni, na inadai oksijeni ya uhakika, mashine nzima na mtu anayejua kuweka mpira. Ganzi ina sumu yake. Kwa mtu wa kilo 60, bupivakaini ya asilimia 0.5 isizidi takriban mililita 24, kwa hesabu ya miligramu 2 kwa kilo. Ikichanganywa na lignokaini, kila moja ipunguzwe, kwa kuwa sumu zao hujumlishwa. Ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma na midomo kufa ganzi ni dalili za kusimamisha sindano papo hapo, kabla ya degedege na moyo kusimama. Dawa yake ni mafuta ya lipidi ya asilimia 20, mililita 90 za kuanzia kwa uzito huohuo. Chupa hiyo isipokuwepo thieta, ganzi ya dozi kubwa haifai kufanywa hapo. Ganzi ya shingoni kwa dozi ya kawaida hupoozesha nusu ya kiwambo cha kupumulia karibu kwa kila mgonjwa; mzima hahisi kitu, mwenye mapafu mabovu huhaha. Ulemavu wa kudumu wa neva ni nadra, watu wachache kati ya 10,000, lakini aambiwe kabla.

Wapo ambao nusu kaputi inawafaa zaidi, na kuwashinikiza ni kuwakosea. Mtoto mdogo hatatulia. Anayechukuliwa mfupa nyongani kupandikizwa mkononi anahitaji usingizi kwa sehemu ya pili. Mwenye hofu ya kusikia drili haponi hofu hiyo kwa kuhubiriwa. Kigasha kilichopondwa na kuvimba sana kina hatari ya misuli kukosa damu kwa kubanwa na uvimbe, na maumivu yanayozidi ndiyo dalili ya mapema. Ganzi ndefu inaweza kuificha, hivyo ipigwe tu baada ya kukubaliana na daktari mpasuaji. Kwa bega, kuchanganya ganzi na usingizi mwepesi mara nyingi kunashinda kila njia ikiwa peke yake.

Kwa mtu mzima anayepasuliwa chini ya kiwiko, mimi naegemea ganzi, mradi kuna altrasaundi au mchomaji aliyezoea, dakika 30 za kungoja, na dawa za usiku mkononi kabla hajaondoka. Sharti moja likikosekana, nusu kaputi iliyopangwa vizuri itamridhisha zaidi.

Kupima kuridhika kwenyewe kunahitaji adabu. Wagonjwa wetu humwambia nesi "nashukuru, Mungu awabariki" hata walipoumia. Aulize mtu ambaye hakuchoma sindano, siku ya kwanza na ya saba, na atenganishe mambo: kuchomwa kulikuwaje, alisikia nini wakati wa kisu, usiku wa kwanza ulipitaje, kuna sehemu bado ina ganzi? Kisha: ukirudi kupasuliwa, utachagua njia ileile? Majibu ya miezi michache yataonyesha kama tatizo la kitengo ni sindano, haraka ya thieta au dawa za usiku, na kila moja lina mtu wake wa kulirekebisha.