Goli la Kikapu Nililolifunga kwa Mikono Yangu

Fundi alifika, akautazama ua, akayatazama maboksi mawili marefu yaliyoegemezwa ukutani, akavuta pumzi ile ambayo mafundi huivuta kabla ya kutaja gharama, kisha akaitaja. Nilimshukuru kwa heshima zote, nikamsindikiza mpaka getini, nikarudi ndani kuwatangazia watu wangu kwamba kusimamisha nguzo moja ya chuma na kuifunga ubao na ringi si kazi ya kumpa mtu baki fedha nyingi kiasi kile. Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Ile rafu ya vitabu uliimaliza?" Nikamjibu kwamba rafu na goli ni vitu viwili tofauti, na hadi leo sijaona kosa katika jibu hilo.

Kitabu cha maelekezo kilitaka shimo lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 120. Kwenye karatasi, hilo ni shimo dogo lenye adabu zake. Ukiwa ndani yake, unagundua kwamba beleshi lina mpini mrefu usio na pa kugeukia, kwamba udongo uliouchota nusu yake hukurudia kichwani, na kwamba mtu mzima aliyechuchumaa shimoni akichota mchanga kwa kopo hana namna ya kuonekana mwenye hekima mbele ya watoto wake. Shimo lilipofika magotini nilianza kumwelewa fundi. Lilipofika kiunoni nilianza kumkumbuka. Hapo ndipo sululu ilipopiga kitu kilicholia tofauti na jiwe, na maji yakanirukia usoni kwa nguvu ambayo bombani kwetu sijawahi kuiona. Kitabu kilikuwa kimeonya, ukurasa wa pili, kwamba mtu ahakikishe kwanza mabomba na nyaya zimepita wapi. Mimi nilianzia ukurasa wa tano, penye picha. Fundi bomba aliyekuja kuniokoa wala hakuvuta pumzi. Alitaja gharama akiwa bado getini.

Kuhusu zege nitasema machache, kwa sababu mgongo wangu bado haupendi mazungumzo hayo. Shimo la vipimo vile humeza zaidi ya tani 1 ya zege, na tani hiyo, saruji, mchanga, kokoto na maji, niliichanganya kwa koleo. Balaa halikuwa kwenye uzito. Balaa lilikuwa kwenye bolti nne za kushikia nguzo, ambazo hutakiwa kuchomekwa zege likiwa bado bichi, zikae wima na kwa nafasi sawa, kwa sababu likishashika hakuna dua inayozisogeza. Niliweka pimamaji juu yake. Kile kipovu cha hewa kilikimbilia kushoto. Nikagonga bolti, kikakimbilia kulia. Nikagonga tena, kikarudi kushoto, na giza lilikuwa linaingia, na zege lilikuwa linaanza kukaza, basi nikainamisha kichwa kidogo mpaka kipovu kikaonekana kimekaa katikati. Kosa la upana wa ukucha pale chini, ukipanda nalo hadi kwenye ringi, huwa upana wa kiganja. Hilo nililijua baadaye.

Maelekezo yalisema nisubiri siku 3 kabla ya kusimamisha nguzo. Kwa woga nilisubiri wiki nzima, huku watoto wakidunda mpira kuzunguka bolti zile kama waliofika kwenye msiba wasiomfahamu marehemu.

Kisha ikaja habari ya urefu. Ringi hukaa mita 3.05 kutoka chini, na sababu yake inakera kuliko kipimo chenyewe: James Naismith, alipoubuni mchezo huu kule Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, alipigilia vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na ukingo ule ulikuwa na urefu wa futi 10. Basi. Mtu alikuta roshani tayari, hakuchimba hata tundu la panya, nasi tunateseka na kipimo chake mpaka leo. Nilipima kwa uangalifu mkubwa mita 3.05, nikatia alama, nikafunga. Ila nilipima hadi ukingo wa chini wa ubao, wakati kipimo hicho ni cha ringi yenyewe, ambayo hukaa sentimita 15 juu zaidi. Goli langu lina mita 3.20.

Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira una takriban sentimita 24, hivyo nafasi ya kukosea imeachwa ya kutosha kabisa. Hata hivyo, kwa kuwa nguzo imeinamia upande wa jirani, mpira ukigusa ubao huchagua kwenda kwa jirani, na kila jioni mimi ndiye ninayeng'ang'ania ukuta nikiomba radhi.

Kinachoniuma ni kwamba sina wa kugombana naye. Ningemlipa yule fundi, leo ningekuwa nampigia simu asubuhi na jioni, yeye akiniahidi kuwa yuko njiani, nami nikieleza mtaa mzima jinsi mafundi wa siku hizi walivyokosa uaminifu. Badala yake, kila nikikasirika, ninayepaswa kuitwa yuko hapo hapo, ameshika kiuno.

Juzi yule fundi wa kwanza amepita tena. Alisimama getini, akafumba jicho moja, akaitazama nguzo kutoka chini mpaka juu, akavuta ile pumzi yake.

"Mzee, nani alikufungia hili goli?"

"Kuna fundi mmoja hivi," nikamwambia. "Ameshahama."