Mama Mkwe, Karanga na Maksai Wawili

Mama mkwe wangu ni Mhehe wa Kalenga, na mtu wa Kalenga humwambii kitu kuhusu historia. Kwao kuna fuvu la Mkwawa, chifu wao aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukitaka zana za mawe za watu wa kale, unakwenda Isimila, hapo hapo Iringa. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Dodoma kwa basi la kupitia Mtera, alikuja kama mkaguzi.

Siku ya tatu, baada ya kumwonyesha Bunge kwa nje, Nyerere Square na zabibu za soko la Majengo, aliweka kikombe chini akaniuliza kwa upole:

"Baba Neema, hivi huku mlihamishiwa kikazi au mliadhibiwa?"

Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Nina miaka saba hapa, nimepanda mizabibu mitatu uani, mmoja ukafa, na mlenda nakula bila kulazimishwa.

"Mama, Jumamosi nakupeleka Kongwa."

"Kongwa kuna nini?"

"Karanga."

"Karanga hata Iringa zipo."

"Hizi hazikuota, mama."

Nilimwona ananyanyua nyusi. Nikajua nimempata.

Gari niliazima kwa mfanyakazi mwenzangu, kigari chake cheupe cha Toyota IST ambacho Jumapili hukiosha kwa shampuu ya nywele. Alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Lami tu, kaka," akasema. Nikamwambia ondoa shaka, mpaka Kongwa mjini ni lami. Na kweli ni lami: unatoka na barabara ya Morogoro, unapita Chamwino, unapita Chalinze (siyo ile ya Pwani, mama mkwe aliuliza mara mbili kama tumeshafika baharini), halafu Mbande unakata kulia. Kama kilometa tisini. Mtu mwenye akili angeishia hapo hapo penye lami.

Kuanzia Ihumwa nikaanza mhadhara. Wiki nzima nilikuwa nimesoma, na yale niliyosoma yalikuwa yananiwasha. Nikawaeleza namna Uingereza ilivyotoka vitani haina mafuta ya kupikia, wakubwa wakaamua mafuta yatapatikana Tanganyika kwa kulima karanga. Namna tume ya watu watatu ilivyozunguka wiki tisa, kwingine wakiangalia ardhi kutoka kwenye ndege. Mwaka 1947 wakashusha mashine Kongwa. Wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta.

"Wakagusa mibuyu," nikasema huku nikipiga usukani, "wakatokewa na nyuki! Wakagusa ardhi, jua likawaka, udongo ukawa saruji! Mvua ya huku haina ratiba. Mwaka 1951 wakafunga virago. Pauni milioni 63 zimekwenda na maji!"

Mama mkwe, kiti cha mbele, alikuwa anakula karanga za kukaanga tulizonunua njiani. "Ehe," akasema. Nikaona amevutiwa.

Kongwa mjini tukafika salama. Tungeshuka, tukanywa soda, tukarudi, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilitaka mbuyu. Nilikuwa nimejipangia kichwani mbuyu mmoja mkubwa kabisa, mama mkwe amesimama chini yake, mimi nampiga picha, picha inakwenda Kalenga. Nikaacha lami. Simu ikanionyesha kijistari cha kijivu kinachokatisha mashamba.

Mbele kidogo tukakuta vijana wawili wanachunga mbuzi. Mmoja akanyanyua fimbo, akatupungia.

"Simama tuwaulize," mke wangu akasema.

"Wanasalimia tu hao," nikasema, nikapunga na mimi, nikapita.

Hapa lazima nikiri jambo. Katika dakika ile ile nilikuwa nimefika kwenye kilele cha mhadhara, na kilele chenyewe kilikuwa hiki: "Kosa lao kubwa, mama, ni dharau. Wagogo walikuwepo, wanaijua ardhi yao. Hakuna aliyewauliza!"

Neno "aliyewauliza" nilimalizia tukiwa ndani ya korongo.

Korongo la kiangazi linadanganya. Mchanga ni mweupe, umelala vizuri. Kigari kikaingia kama kijiko kwenye uji. Nikakanyaga mafuta, tairi zikazunguka, tukashuka. Nikatia rivasi, tukashuka zaidi. Nilipozima injini, bampa la kaka yangu wa shampuu lilikuwa limekaa juu ya mchanga kama kuku anayeatamia.

Wale vijana wakafika taratibu na mbuzi wao.

"Tulikuwa tunawaambia msipite," mmoja akasema.

Nikavua viatu, nikaenda nyuma, nikajipinda kusukuma. Gari halikwenda. Kilichokwenda ni mshono wa nyuma wa suruali yangu ya kadeti, kuanzia kiunoni mpaka mahali ambapo mkwe hapaswi kupafahamu. Na sauti ile, katika ukimya wa Ugogo mchana, ilisikika mpaka kwa mbuzi.

Kuna heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Nyingine wazee hawakuzitaja kwa maneno kwa sababu hawakuwaza kama zitahitajika. Nikabandika mgongo kwenye gari nikawa natembea kando kando kama kaa. Mama mkwe, bila kunitazama, akafungua begi akanirushia kanga yake. Nikajifunga haraka. Mke wangu akazunguka nyuma yangu, akasoma, akakaa chini kwenye mchanga akicheka bila sauti. Maandishi yalikuwa yameangukia pale pale: NIMEYATAKA MWENYEWE SIMLAUMU MTU.

Kijana mmoja akakimbia kwao. Baada ya saa nzima akarudi na babu yake, na maksai wawili wenye nira.

"Mbukwenyi!" mzee akasalimia.

"Kamwene!" akajibu mama mkwe.

Mzee akasimama. "Ala! Wahehe! Mmekuja kutafuta mbwa? Huku wa kuchoma hatuna."

"Nimekuja kuona kama Wagogo mmeacha kuomba," mama mkwe akasema. "Nikakuta mmeweka mtego wa magari."

Wahehe na Wagogo ni watani. Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, wakakaa kivulini wakitaniana. Mimi nikabaki juani nimevaa kanga. Bei ilipotajwa ikawa shilingi 40,000. Mzee akasema kwa mtani wake angefanya bure, ila dereva ni mkwe tu.

Nilikuwa na 15,000. Nyingine zilikuwa kwenye simu, na simu haikuwa na mtandao.

"Za kwangu zipo," mama mkwe akasema, akainuka. "Zipo kwenye pindo."

Pindo la kanga. Kanga niliyovaa. Sitasimulia sana: nilitazama mawinguni, na mawingu hayakuwepo, wakati mama mzima wa watu akihangaika kufungua fundo kiunoni mwangu, na wajukuu wa mzee wakitazama kwa makini.

Maksai wakafungwa. Mmoja mwekundu, mwingine mweupe mweupe.

"Mzungu! Vuta!" mzee akapiga kelele, na yule mweupe akaweka shingo. Gari likatoka kama jino bovu.

Mama mkwe akapiga makofi. "Huyu ndiye Mzungu wa kwanza kufanikiwa Kongwa!"

Tulirudi giza linaingia. Kule alikotaka yeye hasa, iliyokuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia, hatukufika. Sikujua hata kama alikuwa anapataka. Tulipofika Chamwino ndipo akavunja ukimya.

"Baba Neema, zilikuwa pauni milioni 36. Ulizigeuza."

"Mama ulikuwa unajua?"

"Nimefundisha historia miaka 22. Sikutaka kukukatiza, ulikuwa na furaha sana."

Jumatatu nilimsindikiza stendi. Kanga yake nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi, akaikataa. Akasema mimi bado nitaihitaji. Alipokwisha kukaa dirishani, akaniita kwa kidole.

"Mwakani nakuja tena. Ila Mzungu mpe taarifa mapema."