Kuyanyamazia magonjwa nyemelezi shuleni kunamlinda nani?

Wanaopinga wanafunzi wa sekondari kufundishwa kwa kina kuhusu kifua kikuu (TB) na magonjwa nyemelezi, yaani yanayomvamia mtu ambaye kinga yake imeshuka, wana hofu ya kweli. Bwenini hakuna siri. Wakishajua kwamba mwenye VVU huugua TB kwa urahisi zaidi, anayekohoa atanyooshewa kidole. Afadhali, wanasema, tuishie kwenye "jikinge" na "kapime".

Siibezi hofu hiyo. Ila unyanyapaa umeshaingia bwenini bila kusubiri somo, na kauli yake ni kwamba mwenye TB ana UKIMWI. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa TB iliua watu milioni 1.25 mwaka 2023, na 161,000 kati yao walikuwa na VVU. Maana yake, katika kila vifo vinane, takriban saba ni vya watu wasio na virusi hivyo. Kwa hesabu hii kauli ya bwenini haina miguu, na mwanafunzi hawezi kuijua hesabu asiyofundishwa. Lakini hao 161,000 nao wamekufa kwa ugonjwa unaotibika.

"Jikinge" haimhusu mtoto aliyezaliwa na virusi. Yeye anahitaji kujua kwamba kwake kikohozi hakisubiri wiki mbili. Kikianza tu aende kliniki. Vivyo hivyo homa, jasho la usiku, kupungua uzito, utando mweupe unaomzuia kumeza chakula, au kichwa kinachouma mfululizo, ambacho huenda kikawa homa ya uti wa mgongo ya fangasi.

Na akianza tiba? Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa. Kijana ambaye hakuambiwa akiuona chooni anaweza kudhani dawa zinamdhuru, akaziacha kabla miezi sita haijaisha, na hapo ndipo usugu wa vimelea dhidi ya dawa unapopata nafasi. Aliye kwenye dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, huongezewa kidonge chake cha pili, saa kumi na mbili baada ya cha kwanza, kwa kuwa rifampisini huipunguzia nguvu. Sasa ana vidonge vya asubuhi na jioni, katikati ya wenzake wanaomtengea sahani na kikombe, ilhali TB huenezwa kwa hewa, na wagonjwa wengi huacha kuambukiza wiki chache tu baada ya kuanza dawa sahihi.

Tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Tunamwona amekomaa kupokea majibu, halafu tunamwona mdogo kuelezwa yanayofuata?

Wapinzani wako sahihi kwenye namna ya kufundisha. Mwalimu asiulize nani anameza nini, wala asitoe mfano wa mtu wa shule hiyo. Muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, awepo siku hiyo, na maswali yaandikwe kwenye karatasi zisizo na majina.