Ramani Inayokubali Kusogelewa

Kila mwalimu wa jiografia aliyefundisha usomaji wa ramani katika sekondari za kwetu Tanzania anaijua ile karatasi. Ni kipande cha ramani ya topografia ya 1:50,000 kilichotolewa nakala, na nakala hiyo ikatolewa nakala nyingine, mpaka kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) za rangi ya kahawia, mito ya buluu na misitu ya kijani vyote vikawa kijivu kimoja. Mwanafunzi anaambiwa aeleze mpangilio wa mito ya eneo hilo, naye hawezi kutofautisha mto na kontua, wala kontua na njia ya miguu. Nimewahi kuwakata alama wanafunzi kwa kushindwa kuona kitu ambacho karatasi niliyowapa haikuwa nacho, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo sababu naandika kuhusu programu za kutazamia picha kubwa za ramani na michoro, zile zinazomwezesha mtu kuanza na ramani nzima kisha akaisogelea mpaka akasoma jina la kijiji lililoandikwa kwa herufi ndogo kuliko punje ya mtama. Wengi wanaozipendekeza kwa walimu huzisifu kwa sababu zinavutia na huchangamsha darasa. Zinachangamsha kweli, lakini kwangu hilo ni jambo la pembeni. Picha ndogo ya kitabuni humzoeza mwanafunzi kuiamini ramani, kwa kuwa hana namna ya kuikagua. Picha anayoweza kuisogelea mwenyewe humpa nafasi ya kuihoji, na kuhoji chanzo ndiyo kazi yenyewe ya somo la historia na la jiografia.

Zinavyofanya kazi si jambo gumu, na mwalimu akilielewa hatatishwa na udogo wa kompyuta za shule yake. Tuchukue ramani iliyopigwa picha yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 60,000 kwa 40,000. Hizo ni pikseli bilioni 2.4, na ikifunguliwa yote kwa mara moja bila kubanwa itadai gigabaiti zipatazo 7 za kumbukumbu, mzigo unaoweza kuzielemea kabisa mashine za maabara nyingi. Programu hizi hazifanyi hivyo. Picha hukatwa mapema kuwa vigae vidogo vya mraba, kwa kawaida vya pikseli 256 kwa 256, na hutengenezwa ngazi juu ya ngazi, kila ngazi ikiwa nusu ya ile iliyo chini yake kwa upana na kwa urefu, mpaka kileleni panapobaki picha ndogo kama stempu. Ngazi ya chini kabisa ya ramani tuliyoitaja ina vigae karibu 37,000, lakini projekta yenye pikseli 1280 kwa 800 haihitaji zaidi ya vigae 30 hivi kwa wakati mmoja. Programu huleta vile tu vinavyotazamwa na kuviacha vingine vilipo. Anayetumia ramani za kwenye simu ameshazoea utaratibu huu, ingawa huenda hakuwahi kuufikiria.

Programu huria inayotumiwa sana kwa kazi hii ni OpenSeadragon, iliyochipuka kutokana na teknolojia ya Seadragon ambayo kampuni ya Microsoft iliinunua mwaka 2006. Programu hiyo husoma pia picha zinazotolewa kwa makubaliano ya kimataifa ya kushirikiana picha yanayojulikana kwa kifupi kama IIIF, yaliyoanza kuandaliwa mwaka 2011 na maktaba kadhaa kubwa, zikiwemo British Library, maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Faida ya makubaliano hayo kwa mwalimu ni kwamba picha iliyoko Paris na nyingine iliyoko California zinaweza kufunguliwa bega kwa bega katika dirisha moja la programu kama Mirador, kila moja ikakuzwa kwa kiasi chake, bila kujali zinahifadhiwa na nani.

Nitoe mfano wa ramani ninayoipenda kuliko zote kwa kufundishia. Mwaka 1856 jarida la kijiografia la August Petermann, lililochapwa mjini Gotha, Ujerumani, lilitoa ramani ya Afrika ya Mashariki iliyoandaliwa na wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Katikati ya ramani hiyo kuna bahari moja kubwa ya ndani ya nchi iliyopinda kama konokono asiye na nyumba, ikianzia karibu na Ikweta na kuteremka hadi maeneo ya Nyasa, na imeitwa Uniamesi. Ramani hiyo ilizua mjadala mkali katika Chama cha Kifalme cha Kijiografia mjini London, na ni miongoni mwa mambo yaliyosababisha wapelelezi Burton na Speke watumwe, wakaingia bara mwaka 1857. Kitabu nilichosomea mimi kiliitaja kwa sentensi moja, kwamba wamisionari walidhani maziwa matatu ni ziwa moja, na pembeni kiliweka picha yake yenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Tukacheka, tukafungua ukurasa uliofuata.

Miaka mingi baadaye niliiweka ramani hiyo hiyo ukutani kwa projekta mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu, nikampa kipanya msichana mmoja wa dawati la mbele, nikakaa kimya. Kwa dakika chache za mwanzo waliizungukia ile bahari tu. Kisha yule msichana akaisogelea pwani, na majina yakaanza kutokea: Tanga, Pangani, Kilwa. Akafuata mstari wa njia ya misafara kuelekea bara, kituo kwa kituo, mpaka Ujiji, akasimama hapo na kuniuliza: “Mwalimu, huyu Erhardt alifika Ujiji?” Nikamjibu kwamba hakufika, mwaka 1854 alikaa Tanga. “Basi Ujiji ameipata wapi?”

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo darasani, na halingezaliwa na picha ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Erhardt aliipata Ujiji kwa watu. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara, Waarabu, Waswahili na watu wa bara waliokuwa wakipita pwani, akaandika walichomweleza. Ukiikuza ramani ile unaona kwamba kila panapofika njia ya misafara pana habari za kweli: kuna maji makubwa huko mbele ya Ujiji, kuna maji makubwa kwa wanaotoka Kilwa kuelekea Nyasa, kuna maji makubwa kwa wanaokwenda kaskazini magharibi. Tulipoweka ramani ya leo kando yake, wanafunzi waligundua wenyewe kwamba wasafiri hawakukosea mahali pa kufikia. Kosa lilikuwa katika kuunganisha, katika ile nafasi tupu baina ya njia na njia ambayo mchoraji aliijaza maji kwa kukisia. Mvulana mmoja akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelipanga katika somo, kwamba Nyasa na Nyanza ni maneno yanayomaanisha ziwa tu katika lugha za wenyewe, na kwamba mgeni akisikia kila mtu anamwambia “ziwa, ziwa” anaweza kudhani wote wanasema habari ya ziwa moja. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kichwani mwa Erhardt, lakini hiyo ndiyo fikra ya mwanahistoria, na ilitoka kwa kijana wa miaka kumi na sita aliyepewa nafasi ya kutazama kwa utulivu.

Nasisitiza neno utulivu kwa sababu zana hii huharibika upesi mikononi mwa mwalimu mwenye haraka. Nimeona masomo ambayo mwalimu mwenyewe anashika kipanya na kuwarusha wanafunzi kutoka kona moja ya picha hadi nyingine kama anayewaendesha kwenye basi la watalii. Darasa linafurahi, kengele inalia, na hakuna aliyeona kitu kwa macho yake. Kipanya kiwe mkononi mwa mwanafunzi, na mwalimu avumilie kimya cha dakika tano, hata kama kinamsumbua.

Katika michoro ya sanaa hatari ni nyingine. Mwezi Januari 2022 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilitoa picha ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 unaojulikana kama De Nachtwacht, yaani zamu ya usiku, yenye pikseli bilioni 717, iliyounganishwa kutokana na picha 8,439. Umbali kati ya pikseli na pikseli ni maikromita 5, yaani sehemu tano za elfu za milimita. Ni kazi ya ajabu, na wahifadhi wa sanaa wanaihitaji ili kufuatilia hali ya rangi, lakini darasani nimejionea kwamba baada ya dakika mbili tunatazama nyufa za rangi na mchoro wenyewe tumeshausahau. Tena picha ya kompyuta haina ukubwa wake: mchoro huo wenye upana unaozidi mita nne na nusu na Mona Lisa yenye upana wa sentimeta 53 hujaza ukuta ule ule kwa kipimo kile kile. Dawa yake ni ya bei nafuu. Kabla ya kuwasha projekta natoka na wanafunzi uwanjani tukiwa na futikamba na chaki, tunachora mistatili miwili sakafuni kwa vipimo halisi, wanasimama ndani yake, kisha tunarudi darasani.

Sasa nije kwenye suala ambalo huwakatisha tamaa walimu wengi, nalo ni mtandao. Katika shule moja niliyofundisha, intaneti ilikatika tukiwa katikati ya ramani, vigae vikabaki nusu vimefunguka na nusu ukungu, na somo likaishia hapo. Tangu siku hiyo siingii darasani nikitegemea bando. Na si bando letu tu lisilotegemeka. Programu nyingi za zamani za kutazamia picha ziliundwa kwa Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe ya kuonyesha picha ndani ya kivinjari, na Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020, zile ambazo hazikuhamishwa zilizimika. Mwezi Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na hati zake nyingi zilizokuwa zimepigwa picha hazikupatikana mtandaoni kwa muda mrefu. Ikiwa maktaba yenye uwezo ule inaweza kufungiwa mlango namna hiyo, shule haina budi kuwa na nakala yake mahali pake.

Jambo hili linawezekana kwa sababu vigae si kitu kingine ila mafaili ya picha ya kawaida. Programu ya bure ya libvips hukata picha kubwa kuwa vigae kwa amri moja, OpenSeadragon huvionyesha katika kivinjari chochote, na vyote huwekwa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi iliyounganishwa na ruta isiyo na intaneti hata kidogo. Wanafunzi hujiunga na ruta hiyo kwa kompyuta za maabara au vishikwambi na kila mmoja hutazama anapotaka. Ramani nyingi za zamani hazina tena hakimiliki, na taasisi nyingi, Rijksmuseum ikiwemo, huruhusu picha zao za kazi hizo kupakuliwa bure. Mwalimu asome masharti ya kila moja kabla ya kupakua.

Hata hivyo, sitaki tuishie kutazama vya kwetu vilivyohifadhiwa kwa wengine. Michoro ya Tingatinga, iliyoanza kwa rangi za mafuta zinazong’aa juu ya vipande vya ubao wa masonite, yaani wa mbao iliyosagwa na kubanwa, ina mipigo ya brashi inayostahili kusogelewa kama ya mchoraji yeyote wa Amsterdam. Msanii akiridhia, darasa lenyewe linaweza kuupiga mchoro wake picha kwa simu, sehemu kwa sehemu zikipandana kidogo, kisha likaziunganisha kwa programu huria ya Hugin. Nimefanya hivyo mara mbili. Matokeo yake si ya kitaalamu, lakini wanafunzi walioupiga picha mchoro kwa mkono wao waliutazama kuliko mchoro wowote niliowahi kuwaonyesha.

Lililo kubwa zaidi ni zile ramani za 1:50,000 nilizoanza nazo. Karatasi moja inachukua robo ya nyuzi ya latitudo kwa robo ya nyuzi ya longitudo, sawa na takriban kilomita 28 kwa 28, na uso wake ni kama sentimeta 55 kila upande. Ikiskaniwa kwa nukta 400 kwa inchi, itakuwa na pikseli zipatazo 8,700 kwa 8,700, kiasi ambacho makumi ya karatasi za namna hiyo yanaingia kwenye flashi ya kawaida. Naiomba Wizara ya Ardhi na Taasisi ya Elimu Tanzania wakubaliane kutoa karatasi hizo kwa shule katika hali hiyo, zikiwa na rangi zake zote, kila shule ikianza na karatasi yenye eneo lake. Wanafunzi wangu wanavuka mto kila asubuhi kuja shuleni, na katika nakala ya kijivu niliyo nayo mto huo hauonekani.