Nguruwe Asiye na Mtetezi

Wanaopanda boti Capri Point, Mwanza, kwenda kuona wanyama kisiwani Saanane huulizia simba. Sijamsikia hata mmoja akiulizia ngiri, na sidhani kama Ulaya na Marekani ni tofauti. Ndiyo maana babirusa anazidi kupungua katika bustani za wanyama za huko na hakuna anayepiga kelele.

Babirusa ni nguruwe pori wa Sulawesi na visiwa jirani, Indonesia. Meno ya chonge ya juu ya dume hayatokei mdomoni. Hutoboa ngozi ya pua, yakapanda na kujikunja kuelekea paji la uso, na yasipokatika yanaweza kulifikia fuvu lake mwenyewe. Watu wa kale wa Sulawesi walimchora pangani zaidi ya miaka 35,000 iliyopita. Siku hizi hata bango la tangazo hapati.

Kinachommaliza bustanini ni uzazi. Nguruwe wetu wa kitimoto huzaa kumi na kuendelea. Babirusa huzaa mmoja au wawili. Waliopo wametokana na wazazi wachache, hivyo ndugu wanaishia kupandana wenyewe kwa wenyewe. Damu mpya kutoka Indonesia haiingii kirahisi, maana masharti ya magonjwa ya mifugo yanambana sana nguruwe. Na hapo mkono wetu upo: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwanza Kenya mwaka 1921, hukaa ndani ya ngiri wetu bila kuwadhuru. Mwaka 2019 ilithibitishwa Indonesia.

Wapo wanaosema atunzwe kwao tu. Kwao anawindwa kwa ajili ya nyama, ingawa sheria inamlinda tangu 1931. Mimi naiangalia Rubondo, kisiwa cha hifadhi katika Ziwa Victoria. Sokwemtu wa kisiwa kile ni uzao wa wapatao 17 waliotolewa Ulaya, wengi wao kutoka vizimbani, wakaachiwa pale kati ya 1966 na 1969. Hawakufundishwa maisha ya msituni, na wakazaliana. (Vifaru weusi walioletwa huko miaka ya 1960 hawakudumu, kwa hiyo sisemi ni kazi rahisi.) Lakini pasipo sokwemtu vizimbani, Rubondo isingekuwa na wa kuwapokea.

Bustani inayoachana na babirusa eti wageni hawasimami bandani kwake inapima kwa tiketi kitu kisichopimwa hivyo. Wapunguze simba mmoja, jozi mbili za babirusa zipate banda. Wakimkumbuka simba, Serengeti ipo, tena kwa basi kutoka Mwanza si mbali.