Kuku nyota

Kampuni ninayofanyia kazi inauza vifaranga na chakula cha mifugo huku Kibaha, na mimi ndo jamaa wa kompyuta, ambaye pia natengeneza printa, naunganisha projekta na kuna siku niliitwa kuangalia friji. Kila meseji inayoingia kwenye simu ya ofisi, iwe oda, iwe lawama, iwe salamu za Idi, inakaa kwenye databesi kama dokumenti yake yenyewe, ina namba ya mtu, tarehe na maneno yake kama alivyoyaandika. Juu yake kuna indeksi ya kutafutia inayoendeshwa na Lucene, ile injini aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, na nasema mapema kabisa injini haikukosea hata kidogo, ilifanya ilichoambiwa.

Sasa ilikuwa msimu wa chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku. Wafugaji mnaijua, lile tone la jichoni linalorudiwa kila baada ya miezi 3. Bosi akataka kila mteja mwenye kuku atumiwe meseji. Mimi nimetoka kula, na mkuu wetu wa mauzo, tunamwita Bwana Mauzo, kusubiri hajui, akakaa kwenye mashine mwenyewe.

Akaandika kuku. Watu wakaja ila akaona wachache, maana wateja wetu wanaandika wanavyojisikia, mara kukuu, mara kukuchotara, mara kuku500 bila nafasi, na kwa indeksi hayo ni maneno mengine kabisa. Hapo hoja alikuwa nayo, sikatai. Ndipo akakumbuka nyota. Nyota alikuwa anaijua ya kuangalia salio kwenye simu, ila alishawahi kuniona naitumia kwenye kutafuta, basi akaibandika mwishoni: kuku*.

Nyota hapo maana yake "malizia na chochote, hata kama hakuna kitu". Indeksi ina orodha ya maneno yote yaliyowahi kuandikwa, yamepangwa kuanzia a mpaka z, kwa hiyo mashine inaruka moja kwa moja hadi kuku halafu inaokota kila neno linaloanza hivyo mpaka linapokuja lisiloanza hivyo, ambalo kwetu sisi ni kukwama. Sasa jamani, kati ya kuku na kukwama pamelala nusu ya Kiswahili. Kukubali. Kukutana. Kukumbusha. Kukusanya. Kukuomba, kukujulisha, kukupigia, kukusalimia, yaani mtu yeyote aliyewahi kutuandikia kwa adabu alikuwa humo ndani.

Idadi ikapaa. Bwana Mauzo akapiga meza kwa furaha, "Kumbe tuna wateja hivi na mnakaa kimya!" Akabonyeza tuma.

Meseji yenyewe ilisema: "Ndugu mteja, kuku wako wamefikia muda wa chanjo. Kesho asubuhi wafungie ndani usiwatoe, mtaalamu wetu anakuja."

Narudi na kijiti mdomoni nakuta simu zote zinalia. Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba, ambaye mwezi uliopita aliandika "naomba kukukumbusha kodi". Akasema kuku hana, ana risiti, na huyo mtaalamu akija aje na hela. Akafuata wakili mmoja aliyetuandikia "napenda kukujulisha kwamba mteja wangu anakusudia kukushtaki", yeye akauliza kwa upole kabisa kama hicho ni kitisho, na kuku ni nani. Mama mkwe wa bosi, aliyekuwa ameandika tu "nimeshindwa kukupata kwenye simu mwanangu", akapiga kusema ameshafunga mlango wa banda ila yeye ana bata wawili, je bata nao wanahesabika? Bosi akachukua simu, "Shikamoo mama," halafu akanyamaza muda mrefu sana anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", na kesho yake ikabidi mtaalamu aende kweli kwa bata.

Ila aliyenimaliza ni kijana aliyewahi kuandika "ningependa kukuomba nafasi ya udereva". Huyo hakupiga simu. Asubuhi akapanda gari mpaka ofisini, amevaa suti, ana bahasha ya vyeti mkono huu na kuku wa jirani mkono ule, amemfunga miguu vizuri, kwa sababu alisubiri mtaalamu nyumbani tangu alfajiri hakumuona akajua huo ni usaili wanampima kama anafuata maelekezo. Nimewahi kuona usaili wa ajabu zaidi ya huo, tusidanganyane.

Sasa turudi mchana ule ule, bosi kasimama nyuma ya kiti anataka orodha ya wenye kuku kweli. Mimi nikaanza kueleza kwamba tutafute kwenye sehemu ya oda, ile yenye jina la bidhaa, tuachane na maneno ya meseji. Bwana Mauzo akanikata, "Subiri, kuna ile ya kiulizo, yenyewe inakubali herufi moja tu, hata ikizidisha haiwezi kuzidisha sana." Akaandika kuku?

Ni kweli kiulizo ni herufi moja. Tena ni moja ya lazima, kwa hiyo kuku mwenyewe mwenye herufi nne akatolewa nje ya orodha ya kuku. Wakabaki kukuu wachache na neno moja nililoliona kabla yao nikatamani umeme ukatike. Kukua.

"Vifaranga mlivyoniuzia vimegoma kukua." "Nimelisha gunia tatu havitaki kukua." "Naomba hela yangu, hivi havijaumbwa kukua." Ukurasa mzima. Malalamiko ambayo Bwana Mauzo kila Jumatatu kwenye kikao alikuwa anasema hayapo, wateja wanafurahi, mambo safi. Bosi akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma moja moja kwa sauti huku mwenzetu anatafuta mahali pa kuweka mikono.

Orodha ya kweli ilitoka kwenye oda, dakika haikuisha. Mambo yakapoa.

Wiki mbili tatu baadaye ikaja dawa ya kupe, bosi anataka wenye ng'ombe. Hapo nilikuwa nakuna kichwa, maana hao hatuwauzii wanyama, hawana oda, na kuna anayeandika ng'ombe kwa koma iliyonyooka, kuna simu zinaweka koma iliyopinda, na wengi wanaandika ngombe basi. Indeksi inaona maneno matatu. Bwana Mauzo akapita nyuma yangu na chai yake akasema, "Si uweke nyota katikati?"

Ng*ombe.

Wakaja wote watatu, safi, hakuna wakili, hakuna mama mkwe. Tangu siku hiyo ofisi nzima inatakiwa imwite injinia.