Gemu imehama, mashine imebaki: kesho ya gemu za mkononi ukiitazama kutoka Kigoma

Kwenye meza ya fundi simu mmoja hapa Mwanga, mjini Kigoma, kati ya simu zilizofunguliwa na vikopo vya skrubu, ipo PSP nyeusi, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ambayo mwenyewe hajaifuata. Betri yake imevimba mpaka kifuniko cha nyuma hakifungi. Fundi aliitoa ile betri, akachomeka chaja moja kwa moja, na kioo kikawaka vizuri kabisa. Vitufe vyote vinaitika. Ila bila betri si mashine ya mkononi tena, ni ya ukutani, na betri anazoletewa kutoka Kariakoo ni za kuiga: zinakaa miezi kadhaa, kisha nazo zinavimba.

Hatua tatu kutoka pale, kwenye benchi la wateja, kijana anacheza PES, gemu ya mpira, kwenye simu huku mwenzake akisubiri zamu. Anachocheza ni gemu iliyotengenezewa PSP ileile. Imo ndani ya PPSSPP, programu inayoifanya simu ijigeuze PSP, ambayo Henrik Rydgård na wenzake waliitoa mara ya kwanza mwaka 2012. Faili alirushiwa na rafiki yake, simu kwa simu, bila kutumia hata MB moja ya bando. Gemu imehama, mashine imebaki mezani na uvimbe wake.

Nimeanzia kwenye meza hiyo kwa sababu mjadala wa kesho ya mashine hizi huanzia Japani na Marekani na kuishia hukohuko. Switch 2, mashine mpya ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani, ilitoka tarehe 5 Juni 2025, zikauzwa zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku nne, na wengi wakatangaza kwamba gemu za mkononi zimerudi kwa kishindo. Wapo wanaojibu kwamba simu ilishamaliza kazi siku nyingi na hayo ni mambo ya wenye pesa. Mimi nacheza tangu enzi za ile gemu ya matofali ya Kichina iliyotumia betri mbili za rimoti, na msimamo wangu nautoa mapema: mashine hazifi. Kinachokufa ni ile sifa iliyozifanya zitufae sisi wa mbali, kwamba ukishanunua mashine na kadi yake ya gemu umemaliza, haikudai bando wala ruhusa ya mtu.

Tuwape kwanza haki yao wanaosema simu imeshinda. Nintendo DS ya mwaka 2004 iliuza mashine milioni 154. Iliyoifuata, 3DS ya 2011, iliishia karibu milioni 76, yaani nusu yake. Katikati ya miaka hiyo ndipo iPhone ilipoingia, 2007, na duka lake la programu likafunguliwa mwaka uliofuata. Sony iliumia zaidi. PSP iliuza karibu milioni 80, lakini mrithi wake, PlayStation Vita, iliyokuja mwishoni mwa 2011 haikufika hata karibu na hapo, na kufikia 2019 wakaacha kuitengeneza. Walicholeta baadaye, PlayStation Portal ya 2023, hakina gemu ndani yake. Kinavuta picha kwa intaneti kutoka kwenye PS5, mashine kubwa ya Sony iliyoko nyumbani, au kutoka kwenye seva za Sony. Kwa mtu wa Uvinza hicho ni kioo kitupu.

Kisha kuna bei. Switch 2 ilitoka kwa dola 449.99. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja, hapo hujaweka usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Simu ya laki mbili na nusu inapiga, inatuma pesa, inafungua WhatsApp, na inaendesha PES ya PSP bila kukwama. Mama mwenye genge pale Ujiji akikuuliza kwa nini anunue kitu cha pili ambacho kazi yake ni kucheza tu, inabidi uwe na jibu la maana.

Na bei hazishuki kama tulivyozoea. Zamani mashine ikizeeka ilishuka, ndiyo maana PSP zilifika Kigoma. Switch ya kwanza ilianza kuuzwa kwa dola 299.99 mwaka 2017, na Agosti 2025, miaka minane baadaye, Nintendo wakaipandisha Marekani hadi 339.99. ROG Xbox Ally X, mashine ya mkononi ya Asus na Microsoft iliyotoka Oktoba mwaka huohuo, ilianza kuuzwa kwa dola 999.99. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM, zile chipu za kumbukumbu zilizomo ndani ya mashine hizi, nayo ilipaa duniani kote kwa sababu kampuni za akili mnemba zinazinunua kwa pupa. Anayetegemea kwamba mashine hizi zitatufikia zikishachuja, kama mitumba, afanye hesabu upya.

Upande wa pili, wa wanaosema mashine zimerudi, una hoja pia, na kwangu yenye uzito si ile ya mauzo. Ya mauzo inajulikana: Switch imepita milioni 150, Valve, kampuni ya gemu za kompyuta, wakaingia na mashine yao ya mkononi, Steam Deck, Februari 2022, na wengine wakafuata. Ila ukiikagua ina walakini. Switch haikushinda kama gemu ya mkononi peke yake, ilishinda kwa sababu unaichomeka kwenye TV pia, na Nintendo wakaacha kugawa nguvu zao kwenye mashine mbili, ya nyumbani na ya mkononi. Ni ndoa, na kwenye ndoa huwezi kumpa sifa zote mmoja.

Hoja yenye uzito niliikuta Kibirizi, kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, na vijana wanapata muda wa kucheza. Nilikaa na mmoja chini ya mwembe, anacheza mpira kwenye simu, anaongoza 2 kwa 1, dakika ya themanini hivi. Ghafla akaifunga gemu. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha kona ya kioo: chaji asilimia sita. "Kaka, kuna mtu wa Mwandiga anatakiwa anitumie hela ya dagaa. Hii ikizima nimelala njaa."

Simu ya kijana yule ni pochi yake, ni kitambulisho chake, ni tochi yake ya kurudia nyumbani. Kila dakika anayocheza anaitoa kwenye vitu hivyo. Wanaosema simu imeua gemu za mkononi kwa kuwa simu inafanya kila kitu wanasahau kwamba kitu kinachofanya kila kitu kikizima vyote vinazima pamoja. Mashine ya pembeni yenye betri yake, hata iwe ya bei ndogo, kwake si anasa kama mwenye genge wa Ujiji anavyoweza kudhani.

Hapo sijagusa matangazo. Gemu nyingi za bure za simu zinajiendesha kwa kukuonyesha matangazo au kukuuzia vitu vidogovidogo mpaka ushangae salio limekwenda wapi. Nimeona mtoto wa darasa la nne anaendesha kigari chake, katikati likachomoza tangazo la kubeti, na kidole chake kikalibonyeza kwa bahati mbaya kwa sababu alama ya kulifunga ni ndogo kama punje ya mtama. Lile jambo liliniudhi na bado linaniudhi. Kwenye Game Boy, mashine ya zamani ya Nintendo, hakuna mtu ambaye angeweza kumfikia mtoto yule.

Kuhusu vitufe sitasema sana. Vidole vikitoka jasho kwenye kioo, pasi zote zinakwenda kwa adui.

Sasa turudi kwenye betri, maana ndiko historia yote ya mashine hizi iliko. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, husimuliwa kwamba wazo la Game & Watch ya 1980 lilimjia akiwa ndani ya treni, alipomwona abiria akibonyezabonyeza kikokotoo ili muda uende. Sisi watu wa reli ya kati tunamwelewa abiria yule bila kuelezwa. Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na ukishaiacha Tabora mtandao unakuja na kupotea kama mtu anayefungua na kufunga dirisha. Yokoi aliamini katika kutumia teknolojia iliyokwishazoeleka na kushuka bei, badala ya kukimbilia ile mpya kabisa. Game Boy yao ya 1989 ilikuwa na kioo kisicho na rangi wala mwanga, ikitumia betri nne ndogo kwa saa nyingi. Washindani wao Sega wakaja na Game Gear, kioo cha rangi, kinang'aa, betri sita, na saa tatu hadi tano zimekwisha. Game Boy ndiyo iliyotawala. Ukijumlisha na ile ya rangi iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Linganisha na za leo. Nintendo wenyewe wanasema Switch 2 inakaa saa 2 hadi 6.5 kutegemea gemu. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, tukipanga siku kwa ratiba ya umeme. Najua saa mbili ni nini. Ni kutoka stesheni moja hadi nyingine, kisha una tofali la dola 450 mapajani. Sisemi turudi kwenye kioo cha kijivu. Nasema mbio za nguvu zimewafanya watengenezaji wasahau kilichowapa ushindi wa kwanza.

Linaloniuma zaidi lakini ni kadi. Pamoja na Switch 2, Nintendo walileta aina ya kadi ambayo ndani yake hamna gemu, mna ufunguo tu. Unaichomeka, inakuambia pakua gemu kwa intaneti, ndipo ucheze. Si kadi zote: gemu kubwa ya Cyberpunk 2077 ilikuja nzima ndani ya kadi ya GB 64, kwa hiyo inawezekana kiufundi. Watetezi wake wanasema kadi kubwa ni ghali kutengeneza, na kwamba kadi ya ufunguo bado unaweza kumuuzia mwenzako, jambo ambalo gemu ya kupakua tupu haikuruhusu. Hoja hiyo naikubali nusu. Nusu nyingine naikataa, kwa sababu GB hizo kwa bando la huku ni hela ya chakula, na kwa sababu maduka ya mtandaoni hufungwa. Duka la 3DS lilifungwa kwa wanunuzi Machi 2023. Siku seva za kupakulia nazo zitakapozimwa, kadi ya ufunguo itakuwa kipande cha plastiki. Diski ya PSP iliyoko mezani kwa fundi, ukiipatia betri, itacheza leo.

Hapa inabidi nilitazame na la kwetu. Yule kijana wa benchi hakulipia PES yake. PPSSPP yenyewe ni halali, lakini gemu anazorushiwa ni nakala zisizo na ruhusa, na vile vimashine vya Kichina vinavyojinadi kuwa na gemu mia nne ndani ni hivyohivyo. Nintendo hawalichukulii kwa mzaha: Machi 2024 waliotengeneza Yuzu, programu iliyoiga Switch kwenye kompyuta, walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kuifunga. Waliozitunga gemu walifanya kazi, wanastahili malipo, na sitajifanya kwamba umaskini unalifuta hilo. Lakini niulize pia: PES ya PSP haiuzwi popote tena, toleo la mwisho ni PES 2014. Kijana akitaka kulipa, amlipe nani? Kwa gemu mpya nasimama na wenye haki. Kwa zile ambazo wenyewe wamezitupa, nasimama na wanaozitunza, hata kama sheria haijafika huko.

Kuna sehemu moja inayonipa matumaini, nayo inatoka Ulaya. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziwe ambazo mtumiaji mwenyewe anaweza kuzitoa na kubadilisha. Ajabu ni kwamba PSP ya 2004 ilikuwa hivyo tayari: unasukuma kifuniko kwa kidole, betri inatoka. Switch imefungwa kwa skrubu za pembe tatu na betri imegandishwa kwa gundi, na fundi wetu alilazimika kuagiza bisibisi yake maalumu. Watengenezaji wakilazimika kubadilisha umbo kwa ajili ya soko la Ulaya, huenda mashine zitakazotufikia miaka hiyo zikawa za kutengenezeka Mwanga.

Mpwa wangu anamaliza la saba mwaka huu na ameshaniambia, "Anko, mimi nataka Switch." Mpya siiwezi. Nimepata Switch Lite iliyotumika, ile Switch ndogo ya mkononi tu, iko Kariakoo, na kadi mbili. Nimemwomba rafiki yangu aliyeko huko azime intaneti kabisa, achomeke kadi moja baada ya nyingine, na anirekodie video gemu zikifunguka. Ikija hiyo video natuma hela, na mzigo unapanda treni.